Kinywa Kikavu cha Msemaji

Asubuhi, kabla ya kumsalimu mkewe, Twagirimana alikuwa kwanza anachukua kikombe cha maji kilichowekwa kwenye kigoda karibu na kitanda. Anajaza kinywa, anayazungusha maji shavu la kulia, shavu la kushoto, halafu anameza taratibu. Bila hivyo ulimi haukubanduka. Ulikuwa umeng'ang'ania juu kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango kisicho na mafuta. Mkewe, Nyiramahirwe, alikwishazoea kungoja. Alikaa ukingoni mwa kitanda akifunga kitambaa chake cha kichwa, na salamu ilipofika aliijibu kana kwamba haikuchelewa hata kidogo.

Ilikuwa ni dawa. Vidonge vidogo vya jioni alivyoandikiwa na dokta, na visisingiziwe, vilikuwa vimemsaidia. Kabla ya hapo Twagirimana hakuwa na usingizi wala hakuwa na mchana. Ugonjwa ulimwanza pole pole, baada ya mwaka ule mlima ulipomwaga moto, shamba lake la Kibati likafunikwa na jiwe jeusi, na ardhi ya Goma ikatikisika siku hata siku mpaka watu wakabeba magodoro na kukimbia. Yeye na mkewe waliporudi mtaani kwao Mabanga walikuta nyumba yao ya mbao imesimama, depo yao ya maharagwe imesimama, hata kopo la kupimia liko juu ya gunia vile vile lilivyoachwa. Kila kitu kilirudi mahali pake, ila moyo. Lori likipita barabarani, moyo unaruka. Mlango ukifungwa kwa nguvu, moyo unaruka. Baadaye haukungoja tena lori wala mlango. Mtu amekaa tu anakunywa chai yake, na kifua kinaanza kwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, anajua kwa hakika kabisa kwamba anakufa, kisha hafi.

Mwingine labda angeuvumilia ugonjwa huo kwa kunyamaza. Lakini kunyamaza hakukuwemo katika kazi ya Twagirimana. Maharagwe yalimlisha, ila jina alilipata kwa kusema. Kwenye familia zilizoshuka Goma kutoka Masisi na Rutshuru, kijana hachukui msichana hivi hivi. Siku inapangwa, shapito, lile hema la sherehe, linasimamishwa uani, jamaa wa kijana wanakaa upande huu na jamaa wa msichana upande ule, na kila upande una msemaji wake. Msemaji wa kwao msichana anajifanya hajui wageni wamefuata nini. Anauliza kama wamepotea njia, kama wanatafuta ng'ombe aliyetoroka. Anasema msichana hayupo, amekwenda masomoni, ameingia utawani. Na msemaji wa kwao kijana lazima amjibu kwa upole na kwa werevu, bila kukasirika wala kukwama, watu wacheke na wazee watikise vichwa, mpaka yule mwenzake akubali kulainika. Twagirimana aliijua kazi hiyo. Watu walitoka mpaka Sake kuja kumwomba awasemee.

Halafu kwenye harusi moja ya Ndosho akasimama, akaanza vizuri, na katikati ya neno kifua kikaanza mbio zake. Aliona nyuso zote zinamngoja. Akaiweka fimbo yake ya usemaji juu ya kiti, akatoka kama mtu anayekwenda chooni, na hakurudi. Binamu yake Hitimana ndiye aliyemalizia, akisoma kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayetangaza bei ya saruji.

Ndipo Twagirimana alipokubali kwenda kwa dokta. Ndipo alipopata vile vidonge, na usingizi, na kinywa kikavu.

Na sasa ilikuwa zamu ya Munezero. Munezero alikuwa mtoto wa kaka yake marehemu, Nsengimana, na Twagirimana na mkewe ndio waliomlea tangu hajajua kufunga viatu, hata mtaa mzima uliwaita Papa Munezero na Mama Munezero. Nsengimana akiwa kitandani kwa ugonjwa wa mwisho hakuomba mengi. Alisema tu, "Siku yake, useme wewe. Si mwingine." Kijana alikuwa amempata Umurerwa, msichana wa Murara, na siku ya kumwomba ikapangwa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Kwaresima ilikuwa ndiyo inaanza.

"Njoo sasa tufanye mazoezi," Nyiramahirwe alimwambia siku moja deponi, wakati hakuna mnunuzi. Alikuwa amekaa juu ya gunia la maharagwe ya njano, mikono kiunoni. "Miye ni Muzee Harelimana wa Murara, musemaji wao. Ninyi watu mumetoka wapi na viatu vichafu hivi?"

"Tumetoka…" Twagirimana alianza. "Tumetoka m…" Ulimi ukagoma. Akatafuta mate, hakuna. Akaashiria kikombe.

"Harelimana hatakungojea unywe maji."

"Najua."

"Atakuuliza kama umekuja kuomba bibi harusi ao umekuja kuomba bomba."

Hitimana akaingia wakati huo huo, simu mkononi. "Kaka, usiwe na wasiwasi. Nimeandika yote. Kuna hata mistari ya Biblia humu. Batri ikiwa nzuri, hakuna shida."

"Na ikikufa?" Nyiramahirwe aliuliza.

"Nitakaa karibu na prizi ya umeme."

Alipoondoka, Twagirimana alikalia gunia lingine. "Naacha hii dawa," alisema.

"Ukiiacha, utakuwa na mate na moyo utakimbia. Utasema nini na moyo unakimbia?"

"Nisipoiacha, moyo utakaa na kinywa kitakufa."

"Basi wende umwambie dokta hivyo hivyo."

"Nimwambie nini, Mama Munezero? Kwamba natafuta mate?"

"Eeh. Mwambie unatafuta mate."

Dokta Aksanti alikuwa mzaliwa wa Bukavu, kijana, umri wa kuwa binti yao, na sauti yake haikupanda hata kelele za pikipiki zilipoingia dirishani. Siku ya kwanza alimweleza Twagirimana kwamba ugonjwa wake ni ugonjwa wa wasiwasi, kwamba unajulikana na una tiba, na kwamba dawa yake iko katika ukoo mmoja na dawa za huzuni. Twagirimana alikataa. "Miye sina huzuni, Dokta. Niko na woga." Na yule binti alicheka, akasema dawa hizo haziulizi jina, zinatuliza yote mawili.

Safari hii alimsikiliza mpaka mwisho. Habari ya kikombe cha asubuhi, habari ya Harelimana, habari ya Munezero. Hakuandika kitu. Alikuwa ameegemeza kidevu kwenye kiganja.

"Papa, mbona hukuniambia mapema?"

"Nilifikiri ni lazima. Nilifikiri mutu akipata usingizi, haombi na mate juu yake."

"Anaomba. Ndiyo sababu niko hapa." Akavuta kiti. "Sikiliza. Hii amitriptilini tunaweza kuipunguza. Kinywa kitapata nafuu kidogo, lakini labda wasiwasi utarudi. Ao tunaweza kubadilisha. Iko nyingine, sertralini, ya kumeza asubuhi na chakula. Haikaushi sana kinywa kama hii. Lakini nisikudanganye, haifanyi kazi kesho. Itachukua wiki kadhaa. Na mwanzoni itakusumbua tumbo, na moyo unaweza kushtukashtuka zaidi kabla ya kutulia. Siku hizo utanitukana."

"Siwezi kukutukana, mutoto wangu."

"Mama atakusaidia."

Nyiramahirwe, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, akacheka.

"Ao tena," dokta aliendelea, "tunakaa na hii mpaka harusi ipite, halafu ndio tubadilishe. Hakuna iliyo mbaya. Wewe ndiye wa kuchagua."

Twagirimana alizoea kuchagua. Maharagwe ukiyamwaga kwenye ungo unaona lililotobolewa, unaona lililooza, unatoa. Lakini hapa yote matatu yalikuwa mazima, na yote yalikuwa na tundu. Akasugua magoti.

"Kama ningekuwa baba yako?"

"Baba yangu hasemi kwenye harusi, Papa. Anasinzia." Halafu akasema polepole, "Unajua wewe ni kitu gani hutaki kukosa."

Alijua. Akasema wabadilishe, na wabadilishe sasa, ili siku mbaya ziishie ndani ya Kwaresima ambapo mtu anategemewa kuteseka kidogo. Dokta akamwonyesha namna ya kupunguza ile ya jioni hatua kwa hatua huku ya asubuhi ikiingia, akamkataza asikatishe yoyote ghafula, akamwambia arudi mara kwa mara amwangalie. "Na pombe hapana," alimalizia.

Hapo Twagirimana alikuwa na swali. Lilipanda mpaka kwenye meno, na akalimeza. Muzee mzima aombe ruhusa ya kunywa kwa binti wa rika la Munezero? Akashukuru, akavaa kofia.

Siku za mwanzo hazikuwa nzuri. Tumbo lilimkata, akaachana na maharagwe ambayo ndiyo maisha yake, akala uji. Aliamka kabla ya jogoo na kutembea uani juu ya yale mawe meusi akivuta sweta. Mara moja kifua kilimwenda mbio kama zamani, akamwita mkewe, na Nyiramahirwe akakaa naye wakatoa maganda ya vitunguu, kitunguu baada ya kitunguu, mpaka kikapita. "Sasa tumtukane," alisema. Wakamtukana dokta kwa matusi madogo madogo, kwamba ni mrefu sana, kwamba watu wa Bukavu wanajisikia, na Twagirimana akajikuta anatabasamu na macho yanamtoka machozi ya vitunguu.

Halafu, bila tangazo, mambo yakaanza kukaa. Jumapili ya Matawi alisimama kanisani mwanzo mpaka mwisho na hakutafuta mlango kwa macho. Asubuhi moja alifungua macho, akasema, "Umeamkaje, Mama Munezero," na ni mkewe aliyebaki na kinywa wazi. Kikombe kilikuwa kimejaa hivyo hivyo. Siku hiyo deponi alimsemesha kila mtu. Wanunuzi waliondoka na maharagwe yao na hadithi ambayo hawakuiomba. Mkewe akijifanya Harelimana, alijibiwa mpaka akashindwa, akamtupia chembe za mtama.

Ila kulikuwa na kibuyu.

Kwenye siku ya kuomba, maneno ya wasemaji yakishalainika, yule wa kwao msichana anachukua kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, anavuta kidogo kwa mrija mbele ya watu wote, halafu anakitoa kwa mwenzake. Mrija mmoja, kibuyu kimoja. Yule wa kwao kijana akinywa, nyumba mbili zimekuwa moja. Asipokunywa, ameikataa nyumba. Watu wa Murara wanasimulia mpaka leo habari ya msemaji fulani mlokole aliyekirudisha kibuyu kwa mikono miwili, na wageni wakarudi kwao na kreti zao zote.

Ndilo lile swali alilolimeza. Na kwa kuwa hakuuliza, alijitungia jibu. Dawa na pombe havilali chumba kimoja, alijiambia. Basi dawa itoke nje kidogo, pombe ipite, halafu dawa irudi. Tangu Pasaka kila asubuhi alitoa kidonge kwenye pakiti mbele ya mkewe, akakishika, akanywa chai, na kidonge kikaingia mfukoni mwa koti. Aliona ni akili nyingi.

Katikati ya juma hakuiona tena akili hiyo. Akigeuza kichwa, dunia ilichelewa kumfuata. Ndani ya fuvu kulipita vitu kama umeme mdogo, tsi, tsi. Alikasirikia paka. Alikasirikia mizani. Alima, mwenye mgahawa wa karibu, mama wa Kiislamu ambaye ukoo wake ulitoka Maniema, alikuja kuchukua maharagwe meupe kama kawaida yake, na Twagirimana akamjazia meupe, kisha juu yake ya njano, kisha mekundu.

Alima akatazama ndani ya mfuko. "Muzee, nimekuomba maharagwe, sikukuomba harusi ya maharagwe."

"Kama huyataki, yaache!"

Twagirimana hakuwahi kumpandishia sauti mnunuzi. Alima akamgeukia Nyiramahirwe, akainua nyusi, akaketi kungoja kama mtu aliyeingia sinema.

"Papa Munezero," mkewe alisema taratibu, "unameza ile dawa?"

Alitaka kusema ndiyo. Badala yake akaingiza mkono mfukoni, akaweka vidonge juu ya meza, vimeshika nyuzi za koti. Akaeleza habari ya kibuyu.

Nyiramahirwe alicheka kwanza, akacheka mpaka akashika gunia. Kisha akakasirika kuliko alivyocheka. "Unaficha dawa kama mutoto anayeficha ubwabwa! Na Jumamosi ungeanguka mbele ya watu wa Murara, halafu Hitimana atuvue nguo na ile simu yake!"

"Nendeni," Alima alisema, akivua mtandio wake begani na kuufunga kiunoni. "Depo nitakaa nayo miye. Maharagwe naweza kuyatofautisha, miye."

Dokta Aksanti hakugomba. Aliuliza umeme wa kichwani unafananaje, akamwangalia macho, akampima moyo. "Huu si ule ugonjwa wako umerudi, Papa. Ni mwili unauliza dawa imekwenda wapi. Anza tena leo hii, kama ulivyokuwa unameza. Mpaka Jumamosi kichwa kitakuwa kimetulia."

"Na kibuyu?"

"Kwetu Bukavu pia kasiksi haikosi. Nakuelewa." Alifikiri. "Lakini kibuyu hakina kipimo. Ninyi wazee munakivuta mpaka kinalia, halafu kinakuja kingine. Na wewe ndiyo kwanza umetulia. Miye bado nasema hapana. Namna ya kuwaambia, hiyo si kazi yangu. Dawa naijua miye. Kibuyu unakijua wewe."

Njiani Nyiramahirwe alikuwa na shauri. Angekwenda kwa wanawake wa jikoni kwao Umurerwa, awaombe wajaze kibuyu maji ya ndizi mbivu yasiyochacha. Rangi ni ile ile. Nani angejua?

"Miye ningejua," Twagirimana alisema. "Nyumba ya Munezero haitaanza na kibuyu cha uongo."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitasema."

Jumamosi ikafika na jua lake. Kule Murara ua ulikuwa umefagiliwa mpaka mawe meusi yanang'aa, viti vya plastiki vimevikwa vitambaa vyeupe, na wanawake wamefunga mishanana, mavazi ya sherehe yanayofungwa begani, ya rangi ya papai na ya majani ya chai. Munezero alikaa mstari wa mbele, shingo imebanwa na tai. Umurerwa alikuwa ndani, nyuma ya pazia, kama desturi inavyotaka. Hitimana alikuwa amekaa karibu na prizi.

Harelimana alisimama. Mzee mfupi, kofia pana, sauti inayofika barabarani. "Wageni, karibuni. Mumepotea? Njia ya kwenda Rutshuru iko ule upande."

"Hatukupotea, Muzee," Twagirimana alijibu, na ulimi wake ukateleza vizuri kama samaki. "Tulifuata harufu ya nyumba inayopika vizuri."

"Aa, basi mumekuja kula."

"Kula ni kwa leo tu. Sisi tumefuata kitu cha kila siku."

"Cha kila siku ni ugali. Uko sokoni."

"Tumekuja kwa yule atakayemwambia kijana wetu ugali wake haujaiva, na kijana akamshukuru."

Watu wakacheka. Wazee wawili wakatikisa vichwa. Harelimana akajikuna shingo kwa raha.

"Kama ni Umurerwa munayemsema, amekwenda Kampala."

"Basi Kampala imesogea, maana sasa hivi nimeiona inachungulia kwenye pazia."

Pazia likatikisika, ndani wanawake wakapiga kelele, na ua wote ukaangua kicheko. Ndani ya kicheko hicho Twagirimana akasikia kifua. Kilianza mbali, kama pikipiki inayopanda kilima. Aliijua. Akashika fimbo. Akameza, na kulikuwa na kitu cha kumeza. Moyo ukaja ukamfikia, ukawa unakimbia kando yake, na yeye akaendelea kutembea na maneno yake, jibu kwa jibu, mpaka akasahau kidogo kuusikiliza.

Harelimana, mtu wa hila, hakungoja mwisho. Akaagiza kibuyu mapema, ili amwone mwenzake atakavyoshtuka. Akavuta mrija, akapangusa, akakitoa.

Twagirimana akakipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa baridi na kizito. Alimwona Munezero amekaza macho. Angeweza kulowesha midomo tu, akarudisha. Hakuna ambaye angeona.

"Muzee Harelimana," alisema, "kibuyu hiki nakipokea. Kimeingia kwetu, hakitoki. Lakini si kinywa changu kitakachokunywa, na sababu nitaisema hapa hapa, ili mutu asiende nyumbani na sababu aliyojitungia mwenyewe. Niko na ugonjwa. Si wa sukari, si wa kifua. Ni ugonjwa wa woga. Moyo wangu unakimbia na hakuna anayeufukuza. Mulionitazama Ndosho nikitoka nisirudi, sikwenda chooni. Nilikimbia. Sasa niko na dokta na niko na dawa. Ya kwanza ilinikausha kinywa, tukabadilisha, ili nije nisimame hapa kwa sababu ya mutoto huyu. Nayo haipatani na pombe. Kwa hiyo kibuyu nampa Hitimana, damu yetu moja, anywe kwa jina la nyumba yetu. Na miye naomba maziwa."

Kwenye neno hilo la mwisho ua ulivuma. Maziwa hayaombwi. Maziwa anapewa mkwe, baada ya yote, ng'ombe wakishatajwa na msichana akishatolewa. Hata Nyiramahirwe alishika kichwa.

"Maziwa!" Harelimana alipaza. "Msichana sijakupa, na wewe tayari uko kwenye zizi langu! Unajua nikikupa maziwa nimekupa mutoto?"

"Najua, Muzee."

"Na miye nilijitayarisha mpaka saa kumi! Nilikuwa na shangazi anayekataa! Nilikuwa na wimbo!"

"Wimbo utauimba nikiwa nakunywa."

Kicheko kikapanda. Lakini Harelimana hakucheka. Alivua ile kofia, akasogea, na aliposema, sauti yake haikufika hata mstari wa pili.

"Moyo unakimbia sasa hivi pia?"

"Unakimbia."

"Na umesimama hivyo."

"Nimesimama nao."

Harelimana alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima shamba kwa macho. Kisha akarudisha kofia kichwani, akageukia nyumba, na barabara nzima ikamsikia. "Akina mama wa humu ndani! Leteni maziwa!"

Vigelegele vikalipuka. Munezero akaficha uso mikononi. Shangazi mkubwa wa Umurerwa akatoka na chombo cha mti chenye mfuniko uliosukwa, amekibeba kama anabeba mtoto mchanga, na Twagirimana akanywa, maziwa mazito ya Masisi yenye harufu ya moshi, yakamwachia mstari mweupe juu ya mdomo. Upande wa pili Hitimana alikuwa ameweka simu chini na kukishika kibuyu kwa mikono yote. Kazi hii ilimfaa kuliko ile ya kusoma.

"Haya," Harelimana alisema akijitupa kwenye kiti. "Msichana umechukua, maziwa umekunywa, wimbo wangu umeuharibu. Sasa simama useme, maana watu hawakuvaa vizuri hivi kuja kutazama wazee wakinywa."

Twagirimana akasimama. Akaanza na Nsengimana, alivyokuwa akicheka na alivyokuwa akipanda viazi. Akaja kwa Munezero na viatu vyake visivyofungwa. Akashukuru nyumba ya Umurerwa, akamshukuru shangazi, akamshukuru hata ng'ombe. Umurerwa aliletwa, akaketishwa, naye bado anasema. Jikoni wakaanza kutoa masahani ya ndizi na nyama, mvuke unapungua, watu wanatazama vifuniko. Nyiramahirwe akamvuta koti. Hakusikia. Akamvuta tena. Akasikia, akaendelea.